Tumechagua Lushoto
Miezi mitatu tulibishana, mimi na mama watoto: tuhamie Korogwe au Lushoto? Dar tumeichoka. Natoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, nikirudi watoto wamelala. Korogwe iko barabara kuu, usafiri si tatizo, lakini joto lake, jamani, si ndilo tunalolikimbia?

Mwezi wa saba tukapanda Lushoto kupaona. Kutoka Mombo ni kona juu ya kona, kilomita 30 na kitu. Mdogo akatapika mara mbili kwenye kanga ya mama yake. Tulipofika, mkubwa akaona moshi unamtoka mdomoni kwa baridi, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwenye nyumba akatuonyesha vyumba vitatu. Mke wangu hakuanza na kodi, aliuliza zahanati iko umbali gani. "Dakika 10 tu kwa mguu." Tukaenda wenyewe, saa mkononi, mtoto mgongoni: 22, tena kwa kupanda. (Dakika za watu wa milimani!) Akasema sawa, inafikika.

Tumelipa miezi sita. Sasa, blanketi nzito za mtumba nazipata wapi kwa bei nzuri, Karume au Kariakoo?