Kidumu cha mafuta na bomba la robo tatu: gata isafishwe kabla ya masika

Huku Pwani masika huanza Machi, kwa hiyo gata, yaani mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, isafishwe Februari, uchafu ukiwa bado mkavu. Majani ya mwarobaini yaliyokauka huzoleka kama pumba. Yakilowa hugandana na vumbi la paa, yakawa tope zito linalong'oa misumari ya vishikizo kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), na gata ikabonyea katikati.

Kizoleo bora kuliko vyote ni kidumu tupu cha mafuta ya kula. Gata pana inataka cha lita 5, nyembamba cha lita 1. Acha kifuniko kimefungwa, kata kitako kwa mshazari, kisha punguza mdomo mpaka uingie kwenye gata kwa kubana kidogo. Usitumie mwiko wa fundi wala kipande cha bati: hukwaruza zinki, na pale palipokwaruzwa ndipo kutu huanzia.

Kwanza chomoa bomba linaloingia kwenye tangi, na uzibe tundu la kushushia maji kwa tambara. Anza kuzoa hapo kwenye tundu ukienda mbali nalo. Ukianzia upande wa pili utasukumia kila kitu bombani. Ndoo itundikwe kwenye ngazi kwa ndoano ya nondo ya milimita 8, ili mkono mmoja ubaki umeshika ngazi. Ngazi iegemee ukuta, kamwe si gata. Kwa kila mita 4 za urefu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Angalia pia waya wa umeme unaoingia nyumbani, kwani mara nyingi hupita hapo hapo penye gata.

Baada ya kuzoa, toa tambara ndipo ulete maji. Chukua bomba la plastiki la robo tatu ya inchi, urefu mita 3, na elbo mbili (viungo vya kona) zilipinde kichwani kama mkongojo. Ziba ncha kwa kifuniko ulichotoboa kwa keekee matundu 10 hadi 12 ya milimita 3, na chini funga mpira wa maji kwa klipu. Suuza kuanzia mwisho wa gata kuelekea kwenye tundu. Wengi hukwama hapa: maji ya tangi lililo chini kuliko gata hayapandi, hata ubane matundu vipi. Bila presha ya kutosha, panda na ndoo.

Bomba la kushushia likiziba, kizuizi mara nyingi kiko kwenye elbo ya kwanza juu. Ingiza mpira kutoka chini. Ukisukuma kutoka juu unashindilia.

Mwisho, mwaga ndoo moja upande wa mbali. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha. Maji yakisimama mahali, inua kishikizo cha hapo siku hiyo hiyo, maana dimbwi hilo dogo linatosha mbu kutaga.