Nilivyong'arisha Jiko na Friji la Stenlesi kwa Ukwaju Hapa Dodoma

Nilinunua jiko la gesi la plati nne, friji na birika la umeme kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama mtaa wa Nkuhungu, na bei ilishuka sana kwa sababu vyombo vyote vitatu vilionekana kuchakaa. Uso wa jiko ulijaa vidoa vya kahawia, mlango wa friji ulikuwa na michirizi myeupe kuanzia kwenye mshikio hadi chini, na birika lilikuwa na ukoko mgumu ndani. Leo vinang'aa, na fedha niliyotumia kuvisafisha haifiki hata bei ya kopo moja la rangi ambayo fundi alitaka ninunue.

Fundi huyo alibandika sumaku kwenye mlango wa friji, ikashika, naye akasema: "Mama, hii si stenlesi, sumaku ikishika ujue ni bati tu. Paka rangi ya fedha." Ushauri huu huzunguka sana mitaani na unawatia watu hasara bure. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ni za aina nyingi. Ile yenye madini ya nikeli ya kutosha, inayotumika sana kutengenezea masinki, kwa kawaida haishiki sumaku. Lakini ile ya madini ya kromiamu isiyo na nikeli, ambayo viwanda huipenda kwa milango ya friji na majiko kwa kuwa ni nafuu, hushika sumaku barabara na bado ni stenlesi halali. Kinachozuia kutu ni kromiamu, isiyopungua takriban asilimia 10.5, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujirudia wenyewe, mradi uso uwe safi.

Kwa hiyo sikuamini kwamba chuma chenyewe kilikuwa kimeoza. Niliinama na tochi ya simu, nikaona kwamba karibu kila kidoa cha kahawia kilikuwa kimekaa ndani ya mkwaruzo, na mikwaruzo yenyewe ilikwenda kwa mviringo, jinsi mkono unavyozunguka mtu anaposugua sufuria. Nilimpigia simu dada aliyeniuzia, naye akathibitisha bila kusita kwamba walikuwa wakitumia stilwaya na majivu. Stilwaya nyingi ni chuma cha kawaida. Huacha chembechembe ndogo mno juu ya stenlesi, na hizo chembe ndizo hushika kutu.

Michirizi myeupe ilikuwa na asili nyingine. Maji yetu hapa Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, ni magumu, yana chokaa, na hewa yetu ni kavu kiasi kwamba tone likidondoka linakauka kabla hujapata kitambaa, likiacha chokaa yake palepale. Nilianza na bikabonati ya kuokea iliyolowekwa kwa maji kidogo. Iliondoa mafuta kwa uzuri kabisa, lakini michirizi ilibaki kama ilivyokuwa, kwa kuwa chokaa huyeyushwa na kitu kichachu. Wengine walinishauri nichanganye bikabonati na siki kwa pamoja, wakisifia povu lake. Povu lile ni vitu viwili vinavyouana nguvu, na kinachobaki ni karibu maji ya chumvi tu. Siki peke yake inafanya kazi, ila kwenye mlango uliosimama wima hutiririka sakafuni kabla haijafanya lolote.

Hapo ndipo nilipofikiria ukwaju. Ni mchachu, ni mzito, unaganda mahali unapopakwa, na katika soko la Sabasaba unapata wa kutosha kwa elfu moja au mbili. Niliuloweka katika maji ya vuguvugu, nikaukamua, kisha nikauchuja mara mbili kwa kitambaa, kwa sababu kipande kimoja cha ganda kikibaki kinaweza kukwaruza. Niliupaka mzito kama uji wa mgonjwa, nikafunika kwa kipande cha khanga kilicholowa ili usikauke, nikaacha kwa muda wa kupika chai na kuinywa. Nilipofunua na kupangusa, mchirizi wa kwanza ulikuwa umelainika, ukaondoka na khanga. Vidoa vya kahawia vilikuwa vimefifia hadi rangi ya chai nyepesi, na nilipopaka tena vikatoka. Pangusa kwa kufuata mistari ya chuma, usizungushe mkono kamwe, na ujaribu kwanza pembeni pasipoonekana.

Kusuuza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukisuuza kwa maji ya bomba na kuacha yakauke, umerudisha chokaa ileile. Mimi huweka ndoo ya maji ya mvua niliyokinga masika, nayo huyatumia kwa mpanguso wa mwisho tu, kisha nakausha mara moja kwa fulana kuukuu ya pamba.

Birika lilitaka maji ya ndimu tu, yakachemshwa na kuachwa humo hadi yapoe, na ukoko ukabanduka vipande vipande.

Mafuta ya alizeti, ambayo wengi hupaka ili chombo king'ae, mimi huyatumia matone mawili kwenye mlango wa friji na kuyafuta mpaka kidole kisiteleze, kwani yakibaki vumbi letu la kiangazi huganda juu yake. Jikoni karibu na moto siyapaki kabisa, maana huungua na kuacha utando wa manjano. Vumbi lenyewe liondolewe kwanza kwa kitambaa chenye maji mengi bila kukandamiza, kwa kuwa lina mchanga ndani yake. Dawa za kufulia zenye klorini zisiguse stenlesi. Hutoboa vishimo vidogo ambavyo hakuna ukwaju utakaovifuta. Ile mikwaruzo ya stilwaya nayo imebaki, inaonekana jua la asubuhi likipiga jikoni, lakini haishiki tena kutu.