Stata ya Landrova la mzee

Hili Landrova la mzee, 109 (ile ya chesi ndefu) ya mwaka 1976, lilianza tabia ya kugoma asubuhi hasa baridi la Arusha likikaza, ukiwasha unasikia tu tak! basi, na taa zinawaka vizuri kabisa. Kila mtu betri hiyo, nunua mpya. Betri gani sasa wakati volti 12 zipo na nyaya nimezikaza zote mpaka ule wa kwenye chesi? Nikaishusha stata, ile mota inayozungusha injini ukiwasha, nikaipeleka Unga Limited hapahapa Arusha kwa mzee mmoja fundi umeme, akaifungua palepale, kaboni zinazopitisha umeme zimelika zimebaki vipande na shaba ya amecha, ile sehemu inayozunguka ndani, ni nyeusi tii. Akaisugua kwa msasa laini, akachokonoa uchafu kwenye ile mifereji ya katikati ya shaba kwa kipande cha msumeno, akachomelea kaboni mpya kwa risasi.

Nikamwambia yule fundi, mzee wangu, bendiksi (ile yenye kigia cha mbele ya stata) tuipake grisi? Akakataa katakata, grisi inashika vumbi (na vumbi la huku mnalijua) halafu kile kigia kinaganda hakirukii flaiwili, lile gurudumu la meno la injini, we ioshe na petroli iache kavu. Elfu thelathini na kitu tu, mambo kwisha. Hendeli ya kuwashia kwa mkono lakini sijaitoa nyuma ya siti.