Milivolti Tano Nyuma ya Kioo cha Televisheni

Kati ya saketi zote zilizomo ndani ya televisheni bapa ya LCD, inayonivutia zaidi ni kigeuzi cha dijitali kwenda analogi, yaani saketi inayogeuza namba kuwa volteji, kilichomo katika chipu zinazoendesha safu wima za pikseli. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina safu wima 5760, kwa kuwa kila pikseli hugawanyika katika nyekundu, kijani na bluu, na kila safu huhitaji volteji yake. Tukichukua upana wa volti 5, namba ya biti 8 (tarakimu nane za 0 na 1) hutoa hatua za takriban milivolti 20. Biti 10 huzishusha hadi milivolti 5 hivi, na hapo kazi huwa ngumu.

Njia ya kawaida ni mnyororo mmoja wa rezista unaogawa volteji katika hatua na kutumiwa na safu zote za chipu, ambao thamani zake hufuata mkunjo wa gama (uhusiano kati ya namba na mwangaza), maana mwitikio wa kioo kimiminika cha skrini kwa volteji haunyooki. Tatizo ni swichi zinazochagua hatua ya mnyororo: kila biti inayoongezwa huzidisha idadi ya swichi karibu maradufu kwa kila safu, na silikoni si bure. Kwa hiyo wabunifu wengi huuachia mnyororo biti za juu, kisha kikuza cha mwisho (saketi inayosukuma volteji kwenye safu) huunda volteji zilizo katikati ya hatua mbili. Naikubali hila hiyo, ingawa kikuza huleta hitilafu ya milivolti kadhaa inayotofautiana kati ya safu na safu, na jicho la binadamu ni hodari mno wa kuona mistari wima kwenye kijivu tulivu. Dawa iliyozoeleka ni kugeuza alama ya hitilafu hiyo, chanya kuwa hasi, kutoka fremu (picha moja) hadi fremu, ili wastani wake ukaribie sifuri.