Siku yangu moja na matundu ya hewa, Ngamiani

Saa kumi na mbili asubuhi niko juu ya baiskeli: tindo mbili, nyundo ndogo, mwiko, nusu kiroba cha chokaa. Februari ya Tanga ni joto tupu. Kaskazi inavuma, lakini upepo usipopata pa kuingilia chumbani haumsaidii aliyelala.

Saa moja nafika kwa bibi mmoja. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi na vitumbua. Shida iko chumba cha mjukuu. "Fundi, asubuhi ukifungua mlango kunanuka kama kapu la nguo mbichi." Tunasogeza kabati. Ukungu mweusi umepanda ukutani hadi usawa wa kiuno. Wameshapaka rangi mara mbili, na mara zote umerudi.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ya zamani: korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, kuta za boriti za mikoko na fito zilizojazwa mawe na udongo, juu yake lipu ya chokaa. Wazee waliozijenga walijua kazi. Kuta za ndani hazikufika kwenye paa, kwa hiyo hewa ya moto ilipanda, ikapita juu ya kuta, ikatokea kwenye matundu ya juu. Maneno ya chumba cha pili nayo yalipita, lakini watu walilala.

Saa mbili. Sishiki nyundo kabla ya kuangalia. Namwomba bibi chetezo, tunatia ubani, nafunga mlango na kukaa kimya. Moshi unapanda wima, unagusa dari ya jipsamu, unatandaa, unakaa hapohapo. Dakika kumi baadaye bado upo. Nafungua kipande cha dari, napenyeza kichwa na tochi: matundu manne, mazima kabisa, yanapitisha upepo juu ya dari ambako halali mtu. Dari iliwekwa vizuri, ila hakuna aliyekumbuka kuwa matundu yatabaki upande wa pili. Dirisha la mbao lililokuwa likifunguka lote nalo limepisha la alumini la kuteleza, ambalo hufunguka nusu tu. Nakuta hivi nyumba baada ya nyumba, na inaniuma, maana watu wametoa pesa zao kwa nia njema.

Saa tatu mpaka saa saba ni tindo. Matundu mawili ukuta wa nje, chini kidogo ya dari, na moja juu ya mlango kuelekea korido, kwa sababu hewa haiingii mahali isipokuwa na pa kutokea. Ukuta wa udongo hautaki papara, na leo nimeponyokwa. Kwenye tundu la pili jiwe kubwa lilichomoka na udongo wake, shimo la upana wa kiganja likawa la kupita kichwa. Nikaweka ubao mgumu juu kama kizingiti, nikajaza pembeni kwa mawe madogo na chokaa. Saruji siitii hapo. Ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, hufungia unyevu ndani, na mwisho lipu hubanduka na kung'oa udongo. Sakafu ya tundu naiinamisha kuelekea nje, mvua ya masika isije ikatiririka kitandani.

Saa nane, baada ya wali na samaki, mtaa wa nyuma. Mwenye nyumba anataka nizibe matundu ya vyumba vya kupangisha kwa sababu ya mbu. Wavu wa zamani umepakwa rangi mara nyingi mpaka vijitundu vimeziba, kona moja imechanika, nyuma yake kiota cha shomoro. Halafu naona jiko la mkaa nyuma ya mlango. Mpangaji hupikia ndani mvua ikinyesha.

"Kaka, hapa siwezi kuziba," nikamwambia. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala inamchukua asijue. Hata matundu yakiwa wazi, jiko likae nje. Mbu tutawazuia kwa wavu mpya, kwenye fremu ya mbao iliyoshikwa na skrubu mbili, itoke ioshwe. Wavu ukijaa vumbi ni sawa na ukuta. Alinyamaza kidogo, akamwita mpangaji, wakakubaliana jiko lihamie barazani.

Saa kumi na moja nimerudi kwa bibi. Chetezo tena, ubani tena. Moshi unapanda, unafika karibu na dari, unainama taratibu na kuingia kwenye tundu la kulia kama uzi unaovutwa. Bibi amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anaufuata kwa macho.

"Kabati lisirudi kugusa ukuta," namwambia, "liache nafasi ya shubiri moja."

Kesho kutwa nakuja kukwangua ukungu na kupaka chokaa, kabla masika haijaanza.