Taarifa ya kwamba hitilafu imekwisha

Fundi anayeingia zamu katika kituo cha swichi za simu haanzi kwa kuangalia mitambo yenyewe. Huanza kwa kusoma orodha ya alamu kwenye skrini. Kila mstari wa orodha hiyo umejengwa kwa nyuga za data, yaani visanduku vya taarifa, kila kimoja kikibeba jambo moja: muda wa tukio, kifaa kilichohusika, aina ya hitilafu, chanzo kinachodhaniwa, uzito wake na maelezo ya ziada. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba taarifa inayohitaji uangalifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba hitilafu imekwisha, ingawa mara nyingi ndiyo inayoandaliwa kwa haraka zaidi.

Msingi wa nyuga hizo uko katika pendekezo X.733 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) la mwaka 1992. Pendekezo hilo linagawa alamu katika aina tano, yaani za mawasiliano, za ubora wa huduma, za uchakataji, za vifaa na za mazingira, na katika maelezo ya alamu yenyewe linalazimisha mambo mawili: chanzo kinachodhaniwa na uzito. Uzito una thamani sita, na hapo ndipo penye jambo ambalo mafundi wengi wapya hawalioni. Pamoja na alamu ya hatari, kubwa, ndogo, ya onyo na isiyobainika uzito wake, thamani ya sita ni "imeondolewa". Kwa hiyo kuondoka kwa alamu ni taarifa mpya kabisa inayotumwa na swichi, na mfumo wa ufuatiliaji unalazimika kutafuta ni alamu ipi ya awali inayohusika. Huitafuta kwa kulinganisha kifaa, aina, chanzo kinachodhaniwa na, kama limetajwa, tatizo mahususi. Uga mmoja ukitofautiana, taarifa hizo mbili hazikutani.

Niliyaona madhara yake baada ya swichi tuliyokuwa tukiisimamia kuwekewa toleo jipya la programu. Alamu ilikuwa ikitoka na chanzo "kupotea kwa ishara", lakini ilipoondolewa chanzo kiliandikwa "hitilafu ya kiungo". Alamu zilizokwisha zikabaki kwenye orodha kana kwamba bado zipo, nasi tukazoea kuzifuta kwa mkono mwanzoni mwa kila zamu. Usiku mmoja ilifutwa pamoja nazo alamu ya kweli ya kiungo cha uashiriaji, yaani njia ambayo swichi hutumia kupeana maelekezo ya kuunganisha simu. Kiungo mwenzake kilibeba mzigo wote kimya kimya mpaka nacho kilipoanguka alfajiri, na simu kati ya vituo viwili zikakatika. Sikumlaumu aliyefuta, wala sasa simlaumu. Orodha yenyewe ilikuwa imemfundisha kutoiamini.

Historia ya swichi ina mfano mkubwa zaidi wa ugumu wa kutangaza kwamba mambo yametengemaa. Tarehe 15 Januari 1990, swichi moja ya AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, jijini New York ilijirekebisha na kurudi kazini. Ujumbe uliotoka kwake baada ya kurudi uliwafikia majirani wakati walipokuwa bado wanarekebisha kumbukumbu zao kuhusu hali yake, na kosa katika programu likawafanya nao wajizime na kujiwasha. Swichi 114 ziliambukizana hali hiyo kwa muda wa saa tisa hivi.

Makosa ya mstari yanahitaji nyuga za namna nyingine, kwa kuwa alamu ni hali ilhali kosa ni hesabu. Mstari wa E1, yaani mstari wa kidijitali unaounganisha swichi, hubeba kilobiti 2,048 kwa sekunde katika nafasi 32 za muda, na ubora wake, kwa mujibu wa pendekezo G.826 la ITU, hupimwa kwa sekunde zenye kosa. Sekunde ambayo asilimia 30 au zaidi ya bloku zake (mafungu ya biti) zina makosa huhesabiwa kuwa mbovu sana, na sekunde 10 mfululizo za namna hiyo zikipita, mstari huhesabiwa kuwa haupatikani tangu ya kwanza kati ya hizo. Hesabu hizo hukusanywa kwa vipindi vya dakika 15 na vya saa 24. Kihesabio kinachoonyesha sifuri hakina maana mpaka ijulikane kipindi kilianza lini na kama kilipimwa chote. Kadi ya swichi inayohudumia mstari ikizimwa na kuwashwa katikati ya kipindi, sifuri yake ni ya kutopimwa, na asiyejua huichukulia kuwa ya afya njema. Ndiyo sababu ninauthamini mno uga mdogo wa kutilia shaka, unaokitia alama kipindi ambacho hakikukamilika. Nimewahi kuona ripoti za mwezi mzima zilizoandaliwa bila kuusoma, na mistari mibovu kupita zote ndiyo iliyoonekana bora.

Kuhusu muda nitasema machache: uandikwe wa swichi ilipoona hitilafu, kando na wa mfumo ulipopokea taarifa, na zote mbili zifuate saa moja ya rejea. Taarifa zilizokwama njiani hufika kwa mkupuo, na aliye na muda wa kupokea peke yake hudhani kwamba kila kitu kiliharibika kwa pamoja.

Sasa, kabla ya kulikubali toleo jipya la programu, tunachomoa kebo ya mstari mmoja usio na simu, tunasubiri alamu itoke, kisha tunairudisha. Tunaweka taarifa zote mbili sambamba na kuzisoma uga kwa uga, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha kwenye skrini. Chanzo kikitofautiana hata kwa neno moja, toleo hilo hurudishwa kwa waliolitengeneza.