Ramani ya Berlin 1945, wiki ya sita: pini ya Weidling

Leo, kwenye ramani yangu ya mapigano ya Berlin, Wasovieti walipouzingira mji Aprili 1945, nimeharibu uwanja wa ndege wa Tempelhof. Nilibandika foamu, ile nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV, kwa gundi ya fundi viatu, nikaenda kunywa chai. Kurudi, uwanja wa ndege umeshaliwa, limebaki shimo la kuingia kidole. Nilijua gundi ile inayeyusha foamu, ni uvivu tu wa kwenda kununua ya mbao. Nimekata kipande kingine.

Ubao ni ule ule, plaiwudi ya mita moja kwa sentimita 80, kila kilomita sentimita 5. Reli ya mzunguko nimeichora kwa waya wa umeme, na kweli inatoa kichwa cha mbwa kama Wajerumani wenyewe wanavyoiita. Sekta za ulinzi, A mpaka H, nimezitenga kwa uzi mwekundu. Katikati ni Z, Zitadelle, yaani ngome, baina ya mto Spree na mfereji wa Landwehr.

Sasa pini ya bluu: Helmuth Weidling, mkuu wa mwisho wa ulinzi wa Berlin. Cheo chake kilikuwa General der Artillerie, yaani jenerali wa mizinga, kwa hiyo nilianza nikidhani kazi yangu kubwa itakuwa kuchonga mizinga. Wapi! Kikosi chake cha vifaru, LVI Panzer, kilikuwa kimeshapondwa na Wasovieti kwenye miinuko ya Seelow, mashariki mwa Berlin, tangu Aprili 16. Tarehe 22 Hitler akaambiwa jenerali huyu amekimbilia magharibi, akaamuru apigwe risasi. Weidling akaenda mwenyewe kwenye handaki la Hitler kuuliza kosa lake. Tarehe 23 akatoka huko amekabidhiwa ulinzi wa mji mzima. Nilipomsimulia mke wangu, akauliza, "Sasa hiyo ni kazi au ni adhabu?" Inasemekana hata mwenyewe alisema afadhali angepigwa risasi.

Alichokabidhiwa ni askari kama 45,000 wa jeshi na wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, na wengine kama 40,000 wa Volkssturm, wanamgambo, wazee na vijana waliovishwa kitambaa cha mkono. Mizinga mikubwa ya kutegemewa ilikuwa juu ya minara ya kutungulia ndege. Ule wa Zoo nimeujenga kwa boksi la majani ya chai, midomo ya mizinga ni vijiti vya meno. Hapo vipimo nimevitupa, la sivyo ingebidi utumie hadubini.

Badala ya kuchonga mizinga nimeweka bilauri ya shanga pembeni ya ubao, ndizo makombora. Nikisogeza siku moja, napunguza. Si hesabu halisi, ila nilitaka macho yaone kilichomsumbua mtu wa mizinga: maghala makubwa ya makombora yalikuwa nje ya Zitadelle, na yakitekwa hakuna pa kujazia. Pini, yaani makao yake, ilitoka barabara ya Hohenzollerndamm ikaja Bendlerblock, jengo la jeshi karibu na mfereji. Mpango wake wa kuvunja mzingiro na kutoka ulikataliwa. Asubuhi ya Aprili 30 alimwambia Hitler kwamba usiku ule risasi zingekwisha. Mchana Hitler akajiua. Shanga zilizobaki kwenye bilauri ni nne.

Simfanyi shujaa. Siku hizo zote vijana waliendelea kufa kwa amri zake, na baadaye mahakama ya Kisovieti ilimfunga miaka 25 kwa uhalifu wa kivita. Alifia gereza la Vladimir, Novemba 1955. Ila amri yake ya mwisho naipenda kwa ukavu wake: Hitler amejiua, amewaacha waliomwapia utii, wekeni silaha chini. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani kuitangaza. Gari moja nimelitengeneza kwa kiberiti.

Alfajiri ya Mei 2 pini inavuka mfereji kwenda kusalimu amri kwa Jenerali Chuikov wa Kisovieti, mtaa wa Schulenburgring namba 2, nyumba ya kupanga tu. Kwenye ubao haifiki sentimita 20. Tatizo ni kwamba Schulenburgring iko ukingoni mwa Tempelhof, juu ya foamu mpya, na gundi haijakauka. Weidling atalala mferejini hadi kesho.